Tasnifu ya historia ya kale ukiwa Dodoma: kuanzia swali hadi tarehe

Ukifungua orodha za kozi za uzamili ukitafuta neno "Historia ya Kale", huenda ukafunga ukurasa mikono mitupu. Masomo yenyewe yapo, ila yamejificha ndani ya majina mengine: Historia, Akiolojia, Urithi wa Utamaduni. Kwa hiyo acha kutafuta jina la shahada, tafuta mtu. Chukua majina ya wahadhiri wa idara husika, iwe Chuo Kikuu cha Dodoma au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tazama walichochapisha ndani ya miaka kumi iliyopita, kisha ujiulize ni nani kati yao aliyewahi kushika jiwe, kigae (kipande cha chungu), hati ya kale au msamiati wa lugha kama unavyotaka kushika wewe. Msimamizi ambaye fani yake ni vyama vya ushirika vya miaka ya 1950 anaweza kuwa mwalimu mzuri sana, lakini hatakuuliza mkaa wa sampuli yako umetoka kwenye mti wa aina gani. Swali hilo atakuja kukuuliza mtahini wa nje, na hapo utakuwa umechelewa.

Mwandikie kabla ya kuomba nafasi. Aya tatu zinatosha: unataka kujua nini, ushahidi wake uko wapi, na umeshasoma nini juu yake. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja. Akikaa kimya tena, tafuta mwingine. Kama shahada yako ya kwanza ilikuwa ya ualimu wenye somo la historia, na waombaji wengi wako hivyo, chagua njia ya masomo ya darasani pamoja na tasnifu badala ya tasnifu tupu. Mbinu za uwandani hazijifunzwi kwa kusoma kitabu usiku wa kuamkia safari.

Angalia kwanza mezani kuna nini

Kosa linaloua tasnifu nyingi hufanyika mwezi wa kwanza: mwanafunzi anachagua mada, halafu ndipo anaanza kuwinda ushahidi wa kuijaza. Mada kama "Historia ya watu wa Kondoa tangu Zama za Mawe hadi ukoloni" inasikika vizuri kwenye semina. Kwa vitendo inabeba zaidi ya miaka 40,000, na hakuna mwanafunzi wa miaka miwili anayeweza kuibeba. Geuza mpangilio. Orodhesha ushahidi unaofikika kwa basi na kwa bajeti yako, halafu uulize ushahidi huo unaweza kujibu swali gani.

Kanda ya kati haina njaa ya ushahidi. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro yanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Ukubwa wa pengo hilo peke yake unakuambia kazi ya kuorodhesha haijaisha. Pango la Kisese II lilichimbwa na Raymond Inskeep mwaka 1956, vitu vikakaa stoo miongo mingi, hadi maganda ya mayai ya mbuni kutoka makusanyo yaleyale yalipopimwa na kutoa umri unaozidi miaka 40,000. Matokeo yalichapishwa 2018. Usandawe ndiko kuliko Lelesu, mahali palipotoa jina kwa aina ya vyungu vya mwanzo wa Zama za Chuma. Kaskazini kidogo, mkoani Manyara, kuna Luxmanda, makazi ya wafugaji ya miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Kusini, karibu na Iringa mjini, kuna Isimila na mashoka yake ya mawe. Juu ya hayo yote kuna lugha: Kigogo, Kirangi na Kinyaturu za Kibantu; Kiburunge, Kialagwa na Kiiraqw za Kikushi; Kidatooga na Kimaasai za Kiniloti; halafu Kisandawe na Kihadza, zenye sauti za kualisha ulimi. Ni sehemu chache sana Afrika zinazokusanya yote haya ndani ya safari ya siku moja.

Stoo isidharauliwe. Mwanafunzi asiye na fedha za kuchimba anaweza kufanya tasnifu nzuri kabisa kwa vigae 300 vilivyochimbwa na mtu mwingine miaka sitini iliyopita na havijapimwa upya. Tena hana mvua wala siafu.

Sasa punguza. "Historia ya Kondoa" igeuke "michoro ya Kondoa", nayo igeuke "michoro myekundu na myeupe", nayo igeuke swali lenye meno: katika mapango manne kati ya Kolo na Pahi, ni mara ngapi rangi nyeupe inapita juu ya nyekundu, na kuna mahali popote nyekundu inapita juu ya nyeupe? Swali hili linaonekana dogo. Lakini maelezo yaliyozoeleka ni kwamba nyekundu ni ya wawindaji na wakusanyaji wa zamani, na nyeupe ni ya wakulima waliofika baadaye. Ukikuta hata sehemu mbili zilizopinduka, una sura nzima ya mjadala.

Kabla ya kumpelekea msimamizi, andika mambo matatu kwenye nusu karatasi: nitatazama kitu gani kwa macho yangu, kipo wapi na anayeruhusu ni nani, na nikikuta kinyume cha nilivyodhani, bado nina tasnifu? Hilo la tatu ndilo linalopuuzwa. Swali ambalo lina jibu moja tu linalokufaa litakulazimisha kuvuta ushahidi kwa nguvu, na watahini wanaliona hilo kuanzia ukurasa wa kwanza.

Kusoma, na kusoma kwa lugha ipi

Kwa kanda ya kati, lugha ya ziada inayolipa haraka ni Kijerumani. Mtafiti Otto Dempwolff aliandika juu ya Wasandawe mwaka 1916 kwa Kijerumani. Ludwig Kohl-Larsen, mtafiti aliyechimba karibu na Ziwa Eyasi miaka ya 1930, aliandika kwa lugha hiyohiyo. Huhitaji kuongea. Lenga kusoma tu: saa moja kila siku kwa miezi minne, kamusi kando, na maandishi yaleyale utakayoyatumia. Programu ya tafsiri ya simu inasaidia, ila huvuruga majina ya mahali na istilahi za vyungu, yaani vitu viwili unavyovihitaji kuliko vyote.

Anayetaka kuunganisha bara na biashara ya pwani atakutana na Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 BK, unaoitaja Rhapta kama bandari ya mwisho ya Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki, na kusema jina hilo linatokana na mashua za kushonwa. Hapa kuna mtego wa kuutazama kwa karibu. Tafsiri ya Schoff ya mwaka 1912, ambayo ndiyo inayopatikana bure kirahisi mtandaoni, inawaelezea wenyeji wa pwani hiyo kuwa watu wenye tabia za uharamia. Tafsiri ya Casson ya mwaka 1989 inasema ni wakulima wa ardhi. Ni sentensi moja, ya hati moja ya kale. Neno lenyewe katika hati lina kasoro, kila mhariri akalisahihisha kivyake, na msomaji wa tafsiri moja hatajua kwamba kulikuwa na kusahihisha kokote. Kanuni ya kazi ni hii: kama hoja yako inasimama juu ya neno moja la Kigiriki, linganisha tafsiri mbili au zaidi, soma maelezo ya mhariri chini ya ukurasa, na kama hujui Kigiriki, acha hoja hiyo isimame juu ya kitu kingine. Vivyo hivyo kwa anayetamani Misri ya Warumi: hati za mafunjo nyingi zimewekwa wazi kwenye tovuti ya Papyri.info na unaweza kuzisoma ukiwa Makulu, lakini bila lugha utakuwa mtalii tu humo ndani.

Majina ya mahali yahitaji daftari lake. Vitabu vya zamani vikisema "Kondoa" vinaweza kumaanisha mahali ambapo leo ni Wilaya ya Chemba, iliyomegwa mwaka 2012. Usandawe karibu wote umo huko. Mlima mmoja unaandikwa Mungumi, Mungomi na Mongomi. Kijerumani kina tahajia zake. Tengeneza jedwali la safu nne: jina kama lilivyoandikwa, nani kaandika na mwaka gani, jina la sasa, kijiji na kata. Usipofanya hivyo, utahesabu pango moja mara tatu, na kosa la aina hiyo limo hata ndani ya machapisho yenye heshima.

Kwa makala, anza na majarida ya *Azania* na *Tanzania Notes and Records*, ambalo zamani liliitwa *Tanganyika Notes and Records*. Ulizia maktaba ya chuo kama imeunganishwa na Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi kama yetu majarida bure au kwa bei nafuu, kabla hujalipa hela yoyote. Hifadhi marejeo kwenye Zotero, programu ya kupanga marejeo, tangu siku ya kwanza. Ni bure, na usiku wa kukabidhi kazi utaishukuru.

Barua kabla ya begi

Mtanzania anayesoma chuo cha hapa kwa kawaida hupewa barua ya kibali cha utafiti na chuo chake. Anayetoka nje hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Barua hiyo inaelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Yeye anaandika kwenda wilayani, wilaya inaandika kwenda kata, kata kwenda kijijini kwa Mtendaji, na Mtendaji anakukabidhi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hakuna ngazi ya kuruka. Piga nakala kumi na tano, kwa sababu kila ofisi inabaki na moja na nyingine zinabaki na mbili. Hakikisha jina la kila wilaya limetajwa: barua iliyoandikwa "Wilaya ya Kondoa" haitakusaidia Kwa Mtoro, ambako ni Chemba. Kondoa yenyewe ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya, na kijiji chako kiko kwenye moja tu. Tenga siku tatu hadi tano za mihuri, na usizipange Ijumaa mchana.

Barua hizo zinakuruhusu kuuliza na kutazama. Kuchimba, hata shimo la mita moja kwa mita moja, kunahitaji leseni ya Idara ya Mambo ya Kale chini ya sheria ya mwaka 1964, ambayo inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kuokota vigae juu ya ardhi na kuvitia mfukoni nako uombee ruhusa. Kupeleka sampuli nje ya nchi kupimwa ni kibali kingine tena. Anza kuomba miezi sita kabla. Kwa michoro ya Kondoa, pita kwenye ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, kando ya barabara ya lami ya Dodoma kwenda Babati, na panda mlimani ukiwa na mwongoza wageni wao hata kama njia unaijua.

Halafu kuna mali ya Mjerumani. Eneo la Kolo limewahi kuchimbuliwa na watu wanaoamini kwamba Wajerumani walifukia dhahabu milimani walipokimbia vita, na yeyote anayekuja na sururu, kamba na ramani anaingia moja kwa moja kwenye hadithi hiyo. Kukanusha kwa maneno hakutoshi. Omba kikao cha serikali ya kijiji kabla ya siku ya kwanza ya kazi, onyesha picha za kile unachokitafuta, ajiri vibarua kutoka vitongoji zaidi ya kimoja, na kila jioni fungua mifuko mbele ya watu waone ni vigae na mifupa. Usibebe kifaa cha kutambua madini. Shimo likiisha, lifukieni mchana watu wakiona. Uliza pia siku za matambiko, kwa sababu Mungumi wa Kolo bado ni mahali pa kuomba mvua na uponyaji. Utakachokikuta kimewekwa pangoni usikiguse, na picha yake usipige mpaka wenyewe wakubali.

Kunakili michoro bila kuiharibu

Panga uwandani kati ya Juni na Oktoba. Mvua ya kanda ya kati ni ya msimu mmoja, kama Desemba hadi Aprili, na baada ya mavuno ya mtama na uwele mashamba yanakuwa wazi, vigae vinaonekana juu ya ardhi. Ukienda Machi utaona nyasi tu.

Usimwagie mchoro maji ili "ung'ae". Watafiti wa zamani walifanya hivyo na uharibifu wake unaonekana. Usipitishe chaki kwenye kingo, usibandike karatasi, usiguse kwa kidole. Unachohitaji ni kamera inayohifadhi faili ghafi, yaani RAW, stendi, rula ya rangi ya sentimeta 10, mwavuli mkubwa mweusi, na kioo cha kukuzia cha mara kumi. Mwavuli ni wa kukinga jua: ukuta ambao nusu una jua na nusu una kivuli hautengenezeki baadaye kwenye kompyuta. Zima mwako wa kamera. Piga ukuta mzima kwanza, kisha paneli, kisha mchoro mmoja mmoja, kila picha ipishane na mwenzake kwa zaidi ya nusu. Rula iwe sambamba na ukuta na karibu na mchoro, isiufunike.

Nyumbani, fungua nakala ya picha kwenye DStretch, programu ya kukoleza rangi zilizofifia, inayofanya kazi ndani ya programu ya ImageJ. Kwa rangi nyekundu iliyofifia jaribu mipangilio ya YRE na LRE. Kwa nyeusi, YBK. Nyeupe haifaidiki sana, kwa sababu programu hiyo inavuta tofauti za rangi na nyeupe haina rangi ya kuvuta. Andika mpangilio uliotumia chini ya kila picha, na kwenye tasnifu weka picha ya asili kando ya iliyokuzwa. Mtahini akiona iliyokuzwa peke yake ana haki ya kushuku, maana programu hiyohiyo inaweza kugeuza doa la kutu kuwa twiga.

Sasa lile swali la rangi ipi iko juu. Macho yanadanganya. Nyekundu imezama ndani ya jiwe, nyeupe ni nene na imekaa juu kama chokaa ya ukutani, hivyo nyeupe huonekana iko juu hata pale ambapo hujui. Tafuta sehemu mistari miwili inapokatana, sogeza kioo cha kukuzia bila kugusa, ufuate ukingo wa mstari mmoja kuingia kwenye mwingine. Ukingo unaoendelea bila kukatika ndio wa juu. Kama nyeupe imebanduka na chini yake nyekundu inaonekana imekamilika, una ushahidi mzuri. Kama nyeupe imebanduka na nyekundu nayo imekatika palepale, nyekundu ilikuwa juu yake. Kama huoni, andika "haijulikani". Jedwali lenye makutano 60 ambayo 25 ni "haijulikani" linaaminika kuliko lenye majibu 60. Na chunguza kama doa jeupe ni rangi kweli; mkojo wa pimbi huacha michirizi myeupe ukutani, na wageni wengi huipiga picha kwa heshima zote.

Kwa mahali, simu inatoa nukta kwa mfumo wa vipimo vya ramani uitwao WGS84, lakini karatasi za ramani za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa zamani wa Arc 1960. Ukihamisha namba bila kubadili mfumo, pango lako litasogea karibu mita 300 na kuangukia shambani kwa mtu. Pia mstari wa nyuzi 36 mashariki unapita kati ya Dodoma mjini na Kongwa: magharibi yake ni kanda ya 36 Kusini ya UTM (mfumo wa ramani unaohesabu kwa mita), mashariki ni 37 Kusini. Weka nyuzi za kawaida za latitudo na longitudo kwenye daftari, mengine yabadilishwe na kompyuta. Chini ya mwamba simu hupoteza setilaiti, hivyo pima nje ya pango, kisha andika umbali na upande wa kuingilia. Nukta kamili zisichapishwe ndani ya tasnifu. Mwindaji wa mali ya Mjerumani naye anasoma mtandaoni.

Tarehe, mahali pa kuumia

Rangi nyekundu ya michoro ni udongo wenye oksidi ya chuma. Haina kaboni ya kupima, na ndiyo maana umri wa michoro ya Kondoa unabishaniwa. Mkaa uliotoka kwenye tabaka chini ya mchoro unakuambia watu waliota moto hapo lini. Haukuambii walichora lini. Bonge la udongo mwekundu ndani ya tabaka linasema mtu alikuwa na rangi, pengine ya kujipaka mwilini. Ukiandika "michoro hii ina miaka kadhaa elfu" bila kusema ushahidi unaunganishwaje na ukuta, utakuwa umeweka jiwe la msingi juu ya mchanga.

Kwa vitu vyenye kaboni, njia ya kaboni-14 inafika takriban miaka 50,000 na si zaidi. Chagua sampuli kwa maisha mafupi: punje ya mtama iliyoungua, kijiti chembamba, ganda la yai la mbuni. Epuka kipande cha moyo wa mti mgumu. Mti ulioishi miaka mia mbili una kaboni ya zamani katikati yake, na moto uliouwasha unaweza kuonekana mzee kuliko ulivyo kwa miaka hiyohiyo mia mbili. Mifupa katika joto letu mara nyingi imepoteza kolajeni, protini ambayo ndiyo hupimwa, hivyo usiweke matumaini yote hapo. Shika sampuli kwa kibano safi, ifunge kwenye foili, andika namba ya shimo, tabaka, kina na tarehe juu ya mfuko na pia kwenye kikaratasi cha pembeni. Hakuna kuvuta sigara kando ya shimo.

Matokeo yakirudi yatasomeka mfano 2450 ± 30 BP. Wengi hutoa 1950 na kuandika "500 KK". Ni kosa. BP, yaani "kabla ya sasa", inahesabiwa kweli kutoka mwaka 1950, lakini miaka ya kaboni si miaka ya kalenda, lazima ipitishwe kwenye mkunjo wa usahihishaji, yaani mchoro unaogeuza miaka ya kaboni kuwa ya kalenda, kwa programu kama OxCal. Na namba hii niliyoichagua ni mbaya makusudi: kati ya takriban 800 na 400 KK mkunjo huo umelala kama uwanda, kwa hiyo jibu la kweli ni popote kati ya karibu 750 na 400 KK. Karne tatu na nusu! Huo ndio wakati ufundi wa chuma unaposemekana kuanza upande wa Ziwa Victoria, na mabishano ya nani alitangulia mara nyingi ni mabishano ndani ya uwanda huo. Dawa ni kupima sampuli kadhaa zilizopangana kwa tabaka, moja juu ya nyingine, kisha kuiambia programu mpangilio huo ili ibane majibu. Sampuli moja ni uvumi.

Taja pia mkunjo uliotumia. Tuko kusini mwa ikweta, ambako kuna mkunjo wa SHCal20, lakini hewa ya kaskazini hutufikia kwa misimu, hivyo wengine huchanganya na IntCal20, mkunjo wa kaskazini. Sahihisha kwa yote miwili, onyesha tofauti kwenye jedwali, endelea na kazi.

Simulizi za wazee na ushahidi wa lugha

Simulizi ni mali, ila ijue mipaka yake. Mzee akitaja vizazi kumi vya ukoo wake, na kila kizazi ukikipa miaka 25 hadi 30, umefika miaka 250 au 300. Vyungu vya Lelesu viko mbali zaidi ya hapo kwa miaka elfu na ushee. Kwa hiyo usimtumie mzee kutaja tarehe ya kigae. Mtumie kueleza matumizi ya mahali, majina ya vilima, nani alimkuta nani. Muulize pia kama amesoma habari hizo. Historia ya Wagogo iliyoandikwa na Mathias Mnyampala ilichapishwa 1954, na simulizi ikishaingia kitabuni huwa inarudi mdomoni kwa watu ikiwa imenyooshwa. Kuhusu michoro, jihadhari na kuazima maelezo mazima ya Wasan, jamii za wawindaji wa kusini mwa Afrika, na kuyabandika Kondoa. Ngoma ya simbo ya Wasandawe imewahi kutumika kama daraja la kulinganisha, na ulinganisho huo una thamani, lakini lazima uonyeshe mchoro gani hasa unaufanania na kwa nini.

Kwa lugha, kusanya kwanza orodha ya maneno 100 ya msingi kama viungo vya mwili, maji, moto na namba, kisha maneno ya ng'ombe, maziwa, nafaka na chuma. Maneno yanayofanana kati ya Kiburunge na Kirangi yanaweza kuwa ya kuazimana, au yote mawili yamechukua Kiswahili cha shuleni, au ni bahati tu. Kinachotenganisha ni mabadiliko ya sauti yanayojirudia kwenye maneno mengi. Rekodi kwa faili la WAV, kila neno mara tatu. Sauti ya WhatsApp inabanwa, na vialisho vitatu vya Kisandawe vinaanza kufanana ukivisikiliza nyumbani.

Kuandika na kutetea

Utaandika kwa Kiingereza, ilhali uwandani watu wameongea Kirangi au Kiswahili. Hifadhi maneno ya msemaji kwa lugha yake, tafsiri ifuate chini. Mtahini akihoji tafsiri uwe na cha kuonyesha. Amua mapema utaandika KK na BK au BCE na CE, na usichanganye. Sura ya mapitio ya machapisho ipangwe kwa mabishano. Ukiipanga kwa majina ya waandishi utakuwa umeandika orodha ya wageni wa harusi. Sura ya ushahidi iandike kwanza, utangulizi mwisho. Faili ziwe sehemu tatu: kompyuta, diski ya nje inayolala nyumba nyingine, na mtandaoni.

Siku ya kutetea, tegemea maswali haya kwa namna moja au nyingine: kwa nini mapango hayo manne na si mengine; ungeona nini ambacho kingekuonyesha umekosea; na sampuli ilikuwa mti gani. Jibu la "sikupima hilo, na hii ndiyo sababu" hukubalika. Jibu refu la kuzunguka huongeza maswali.

Baada ya masahihisho, toa nakala kwa maktaba ya chuo, kwa Idara ya Mambo ya Kale na kwa ofisi ya Kolo. Kwa kijiji, tengeneza muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili, wenye picha na bila nukta za ramani, umkabidhi Mtendaji mkononi na usaini kitabu cha wageni ukieleza ulichokileta. Mwanafunzi atakayekuja baada yako ataonyeshwa ukurasa huo.